Koitalel arap Samoei: Mtabiri wa mvua aliyepigana na nyoka wa chuma

KILA mwezi wa Machi unapobisha hodi, wakulima wa Eldoret na viunga vyake huwa na swali moja tu midomoni: mvua itaanza lini? Mashamba ya Moiben, Turbo na Kesses huwa yamekwisha kulimwa, mbegu na mbolea zimenunuliwa, pengine kwa mkopo, na jioni watu huketi mbele ya runinga wakimsubiri mtabiri wa hali ya hewa asimame kando ya ramani yake. Akikosea, atalaumiwa siku mbili tatu, atafanyiwa mzaha sokoni, kisha atarejea hewani na tai yake shingoni kana kwamba hakuna lililotokea. Mababu wa wakulima hao hawakuwa na mtabiri wa namna hiyo. Wao walikuwa na Orkoiyot, na Orkoiyot ambaye utabiri wake ulienda upogo aliweza kulipa kwa roho yake.

Miongoni mwa waliowahi kukikalia cheo hicho, hakuna anayetajwa mara nyingi zaidi kuliko Koitalel arap Samoei, aliyeuawa mnamo Oktoba 19, 1905 katika vilima vya Nandi, kusini mwa mji ambao leo unaitwa Eldoret. Wanafunzi wa shule humjua kama shujaa aliyepinga ujenzi wa reli na utawala wa Mwingereza. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kabla ya kuwa jemadari, Koitalel alikuwa mtu wa mvua, na ni vigumu kuelewa ni kwa nini watu wake walimfuata vitani kwa miaka kumi bila kwanza kuelewa kazi hiyo.

Koitalel alizaliwa karibu na mwaka wa 1860 katika ukoo wa Talai. Ukoo huo, ingawa ni wa Wanandi, una asili ya Kimaasai. Wazee wake walihamia Nandi wakiwa na ujuzi wa ulaiboni, yaani uaguzi na utabiri, na katika karne ya 19 wakajipatia nafasi ambayo Wanandi hawakuwa wamewahi kumpa mtu yeyote. Wanandi walikuwa jamii isiyo na mfalme. Nchi yao iligawanyika katika maeneo yaliyoitwa pororiet, kila moja likiwa na wazee wake na vijana wake wa vita. Aliyeyaunganisha maeneo hayo yote alikuwa Orkoiyot peke yake.

Kazi zake zilikuwa nyingi. Alitoa idhini ya vijana kwenda kuteka mifugo ya majirani. Alihusika katika kupanga majira ya tohara na ya makabidhiano ya madaraka kati ya rika na rika. Zaidi ya yote, alitegemewa kusema ni wakati gani wimbi lipandwe, na mbingu zikikataa kutoa maji, ni yeye aliyeendewa. Hakwenda huku na huko kama mtawala anayekagua milki yake. Alikaa kwake, na wajumbe wake walioitwa maotik wakawa macho, masikio na mdomo wake katika kila pororiet.

Mwandishi wa makala haya hana haja ya kubishana na msomaji kuhusu iwapo kuna binadamu anayeweza kuita mvua. Litoshe kusema kwamba anayeishi ukingoni mwa miinuko ya Nandi ana mahali pazuri pa kuisoma anga. Kutoka huko juu, tambarare za Kano na maji ya Ziwa Victoria huonekana kwa chini. Upepo wenye unyevu hupanda kutoka ziwani, hukutana na ule wa nyanda za juu, na alasiri mawingu hujikusanya na kuvunjika kwa radi. Eneo hilo, pamoja na Kericho, ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa mvua ya mawe; wakulima wa chai wa Nandi Hills wanaielewa hasara yake bila kufunzwa na mtu. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama mbingu hiyo tangu utotoni, tena akiletewa habari na wajumbe kutoka pande zote za nchi, alikuwa na maarifa ambayo wengine hawakuwa nayo.

Hata hivyo, maarifa hayo yalikuwa na bei yake, na Koitalel aliiona bei hiyo akiwa kijana. Babake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot mwenye sifa kuu. Kisha ikaja miaka ya mwisho ya mwongo wa 1880. Ukame uliikaba nchi. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioteremka kutoka kaskazini-mashariki mwa Afrika ukimaliza mifugo kila ulikopita, ukafika. Juu ya hayo, vijana waliokwenda kuvamia kwa baraka za Kimnyole walikumbana na maangamizi, wakafa kwa mamia. Wanandi wakajiuliza maswali ambayo watu wenye njaa huuliza: ikiwa Orkoiyot ana uwezo wa kuleta mvua, aliyeizuia ni nani? Ikiwa anaona ya mbele, kwa nini aliwatuma watoto wetu kwenye kifo? Mwaka wa 1890 walimuua kwa rungu.

Simulizi za Wanandi zinaeleza kwamba kabla ya kufa Kimnyole alitoa utabiri ambao umekuwa mashuhuri kuliko mwingine wowote katika sehemu hii ya Kenya. Alisema watakuja wageni weupe watakaoitwaa nchi, na kwamba nyoka mkubwa atatambaa kutoka bahari ya mashariki huku akitema moto na moshi, hadi akate kiu yake katika ziwa la magharibi. Wapo wanaosema maneno hayo alitiwa mdomoni baada ya reli kufika. Wengine hukumbusha kwamba misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikipita kandokando ya nchi ya Nandi kwa miongo kadhaa, na kwamba Joseph Thomson, Mskoti, alikuwa ameivuka nyanda ya Uasin Gishu mwaka wa 1883. Habari za Wazungu hazikuwa siri kwa mtu mwenye wajumbe. Vyovyote iwavyo, utabiri huo uliaminiwa, na mwana wa mtabiri akaurithi kama deni.

Kuurithi hakukuwa rahisi. Baada ya mauaji hayo Wanandi walijikuta hawana Orkoiyot anayekubaliwa na wote. Wana wawili wa Kimnyole, Koitalel na Kipchomber arap Koilegen, wakagombea nafasi hiyo, kila mmoja akiwa na wafuasi wake. Inashangaza kwamba wakati huo huo Wamaasai nao walikuwa katika balaa la namna hiyo hiyo: laibon wao mkuu, Mbatian, alifariki karibu na mwaka wa 1890, na wanawe Lenana na Sendeyo wakapigania urithi. Lenana aliamua kuegemea upande wa Mwingereza, na mwaka wa 1904 akatia alama kwenye mkataba uliowahamisha watu wake kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Kwa Wanandi mambo yaliamuliwa kinyume. Kufikia mwaka wa 1895 aliyeshindwa alikuwa Kipchomber, akakimbilia kwa Wakipsigis na kuwa Orkoiyot wao. Koitalel, ambaye wafuasi wake hawakutaka maelewano na wageni, akabaki Nandi. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi.

Mwaka huo huo vita vikaanza. Mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Peter West aliuawa na Wanandi pamoja na wapagazi wake, na serikali ya Uganda, ambayo ndiyo iliyodai kuitawala Nandi wakati huo, ikatuma jeshi kulipiza kisasi. Wanajeshi hao, wengi wao wakiwa Wanubi kutoka Sudan, waligundua upesi kwamba hawakuwa wakipambana na kundi la wevi wa mifugo. Wanandi waliijua nchi yao ya misitu na mabonde, walishambulia usiku, walijificha kwenye mvua na ukungu. Kampeni nyingine zikafuata mwaka wa 1897, 1900 na 1903. Kila mara nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, mapatano yakafanywa, kisha mapatano yakavunjika kabla hata majivu hayajapoa.

Katikati ya hayo yote, nyoka alifika. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ilipita chini ya miinuko ya Nandi, kupitia Muhoroni na Kibigori, na mnamo Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo sasa ni Kisumu. Kwa Wanandi hapakuwa tena na haja ya kufasiri utabiri wa Kimnyole. Nyoka alikuwa akinywa maji waziwazi. Waliikata nyaya za simu na kuzifanya mapambo, waking'oa na parafujo za reli kwa kufulia silaha. Maafisa wa serikali waliuita wizi, na kwa kiasi ulikuwa wizi kweli. Lakini garimoshi lililokosa parafujo halikwenda, na nadhani waliokuwa wakizing'oa walilijua hilo vizuri.

Mwaka wa 1902 mpaka ulisogezwa. Jimbo la Mashariki la Uganda, Nandi ikiwemo, liliondolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo iliyoitwa Kenya. Kwa hivyo Wanandi wakabadilishiwa mtawala wasiyemtambua kwa mtawala mwingine wasiyemtambua. Serikali mpya ilikuwa na haja kubwa zaidi ya ardhi, kwani reli ilikuwa imegharimu fedha nyingi na ilihitaji mizigo ya kubeba. Walowezi walitakikana. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilifikia hata kupendekeza kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe nyanda ya Uasin Gishu wafanye makao yao. Tume ya Wazayuni ilikuja kuikagua, na mwaka wa 1905 mkutano wao mkuu ukalikataa pendekezo hilo. Laiti wangelikubali, Eldoret tuijuayo ingekuwa mji mwingine kabisa.

Waliopendekeza waliiona nyanda hiyo kuwa tupu. Thomson naye alipopita aliikuta bila watu. Lakini utupu huo ulikuwa na historia: Wamaasai wa Uasin Gishu, wenyeji wake wa awali, walikuwa wamevunjwavunjwa na vita vya karne ya 19, na Wanandi ni miongoni mwa waliowashinda. Baada ya hapo mifugo ya Wanandi ilifika huko kutafuta malisho. Nchi isiyo na nyumba haikuwa lazima nchi isiyo na mwenyewe.

Kufikia mwaka wa 1905 serikali ilikuwa imeamua kulimaliza suala la Nandi mara moja. Iliandaa kikosi kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia, zaidi ya askari elfu moja wa Keya na polisi, wakiwa na bunduki za Maxim, wakisaidiwa na vijana wa Kimaasai na wa jamii nyingine jirani. Afisa mmoja kijana, Kapteni Richard Meinertzhagen, alikuwa na fikira yake mwenyewe. Aliamini kwamba Wanandi wasingeshindwa maadamu Koitalel yu hai, na kwamba akiondolewa, vita vitakwisha. Katika hilo hakukosea sana.

Mkutano wa kuzungumzia kusitishwa kwa mapigano ulipangwa ufanyike tarehe 19 Oktoba, saa tano asubuhi, kwenye kilima cha Ket Parak. Ilikubaliwa kwamba kila upande uwe na watu wachache tu. Meinertzhagen alikuja na askari wapatao 80, wengi wao wakajificha. Alipokutana ana kwa ana na Koitalel alimpiga risasi kwa karibu, na wafuasi wa Orkoiyot zaidi ya ishirini wakauawa pale pale.

Kuhusu namna yenyewe ya tukio, zipo habari mbili. Meinertzhagen alidai kwamba Koitalel alipopewa mkono alimvuta kwa nguvu, kwamba mishale na mikuki ilirushwa, na kwamba yeye alijitetea tu. Wanandi husimulia kwamba kiongozi wao alikuja kwa amani akiwa na majani mkononi, ambayo katika desturi zao ni ishara ya amani, na kwamba aliyempa mkono ndiye aliyemuua. Baadhi ya maafisa wenzake Meinertzhagen hawakuridhika na maelezo yake. Tume tatu za kijeshi zilikaa kumchunguza na zote zikamwondolea lawama, lakini minong'ono haikukoma, na mwaka wa 1906 aliamriwa aondoke Afrika Mashariki.

Kwa miongo mingi habari ya Meinertzhagen ndiyo iliyotawala vitabu, kwani aliichapisha mwenyewe katika shajara yake ya Kenya mwaka wa 1957, miaka kumi kabla ya kifo chake. Tangu hapo sifa yake imeporomoka. Alikuwa pia mtaalamu mashuhuri wa ndege, na katika miaka ya 1990 wataalamu waliozipitia ngozi za ndege alizozikabidhi kwa makavazi ya London waligundua kwamba nyingi ziliibwa kutoka kwa mikusanyo ya watu wengine na kubandikwa vibandiko vya uongo kuhusu mahali zilipopatikana. Shajara zake nazo zimeonekana kuandikwa upya baada ya matukio. Mtu anayeweza kudanganya kuhusu ndege mfu hapaswi kuaminiwa bila ushahidi mwingine anapozungumza juu ya mtu aliyemuua.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo, katika koloni la Wajerumani upande wa kusini, mtabiri mwingine alikuwa amekwisha kufa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa mnamo Agosti 1905 vita vya Majimaji vikiwa vimeanza tu. Wawili hao hawakujuana. Ila vita vya Majimaji viliendelea kusambaa bila Kinjikitile, ilhali Wanandi waliyumba mara moja. Nguvu za Koitalel zilikuwa katika kuwaunganisha watu waliozoea kujiamulia mambo kila pororiet kivyake. Alipoondoka, uzi ulikatika.

Kilichofuata kilikuwa kikatili. Kikosi cha serikali kilizunguka nchi kwa majuma kadhaa kikichoma nyumba na maghala ya nafaka. Watu waliuawa kwa mamia, na zaidi ya ng'ombe 10,000 pamoja na kondoo na mbuzi wengi zaidi wakanyakuliwa. Waliobaki walihamishwa mbali na reli na kusukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Malisho ya kaskazini yakawa wazi kwa walowezi. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini uliipanda miinuko kwa magari ya kukokotwa na maksai, ukaenea katika nyanda ya Uasin Gishu. Mwaka wa 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, na mwaka wa 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret, kutokana na neno la Kimaasai linalohusu mawe ya Mto Sosiani. Wenyeji walilitamka neno la Kiingereza la nambari hiyo kwa ulimi wao, wakauita mji Sisibo, na wazee wangali wanauita hivyo. Nyoka mwenyewe aliingia Eldoret mwaka wa 1924, reli ilipoongezwa kuelekea Uganda.

Familia ya Koitalel haikuachwa ipumue. Kipchomber na ndugu zake, waliokuwa kwa Wakipsigis, walihamishwa mwaka wa 1914. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alishika uorkoiyot mwaka wa 1919. Mnamo Oktoba 1923, Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe kubwa ya rika kukabidhi madaraka, serikali ilihofia kwamba sherehe hiyo ingegeuka vita, ikamkamata. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai wa Kipsigis, na familia nzima nzima zikapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Barsirian hakuachiliwa hadi mwaka wa 1964, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru. Miaka arubaini kizuizini! Hakuna Mkenya mwingine wa siasa aliyefungwa muda mrefu hivyo, lakini vitabu vya shule vilivyomtaja vinahesabika. Alifariki mwaka wa 1974.

Meinertzhagen alikuwa ameondoka na vitu vya Koitalel, zikiwemo fimbo zake za uongozi. Fimbo hizo zilikaa Uingereza kwa karne moja, hadi mwaka wa 2006 familia ya afisa huyo ilipozirudisha, zikapelekwa Nandi Hills, ambako makavazi na kaburi la kumbukumbu vimejengwa karibu na mahali alipouawa. Chuo kikuu kishiriki kilichoko Mosoriot, kati ya Eldoret na Kapsabet, kimepewa jina lake.

Linalobaki bila jibu ni kichwa. Wanandi wanashikilia kwamba Koitalel alikatwa kichwa baada ya kuuawa na kwamba fuvu lake lilisafirishwa Uingereza. Wajumbe wa Talai na viongozi wa kaunti wamelidai mara kadhaa, na mwaka wa 2022 wawakilishi wa Talai na Wakipsigis waliwasilisha malalamishi yao kuhusu ardhi na mateso ya kikoloni katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya kuanzia Oktoba 31, 2023, suala la fuvu lilifufuliwa tena. Mfalme alizungumzia majuto yake kuhusu maovu ya ukoloni, hakuomba msamaha rasmi, akarudi kwao. Fuvu halikurejeshwa.